Maswali yenu ya kusechi: mikorosho, mlonge na yule mjusi wa Tendaguru

Haya wadau wa Kusini, maswali yenu ya kusechi, yani kutafuta vitu Google, nimeyaona, nachukua machache maana mengine yanafanana kabisa. Twende.

Mzee wa Mikindani anauliza: Mimi naandikaga "habari, naomba kujua ofisi ya ardhi Mtwara inafungua saa ngapi tafadhali", wajukuu wananicheka. Nakosea wapi?

Shikamoo mzee wangu. Kwa adabu hujakosea popote, ila ile mashine haisalimiwi, yenyewe inabeba maneno yako inaenda kutafuta kurasa zinazoendana nayo, sasa "habari" ikiingia humo unaweza ukaletewa magazeti. Andika tu "ofisi ya ardhi Mtwara saa za kazi". Sentensi ndefu siku hizi haziui, tangu 2019 Google walipoweka mfumo wanaouita BERT inajitahidi kusoma maneno yanavyokaa pamoja, siyo moja moja, wakaanza na Kiingereza halafu lugha nyingine zikafuata. Lakini kurasa za Kiswahili bado ni chache, kwa hiyo mi nakushauri uandike maneno ambayo mwenye jibu lake angeyaandika, siyo unavyomuuliza jirani. Na hao wajukuu waambie watulie.

Mkulima wa Tandahimba: Mikorosho yangu ina unga mweupe, nikisechi "dawa ya korosho" naletewa faida za kula korosho kwa wanaume. Nifanyeje?

Hahaha, pole, ila ulichoandika kinasomeka hivyo hivyo, kwamba korosho ndo dawa! Kwanza andika mkorosho, maana tatizo liko kwenye mti. Pili andika unachokiona kwa macho, sehemu gani ya mti na kikoje: "mikorosho unga mweupe maua majani machanga". Hapo utaanza kukutana na jina la ugonjwa, ubwiri unga, na ukishapata jina nusu ya kazi imeisha, rudi sasa uandike "ubwiri unga mikorosho Naliendele". Hilo neno la mwisho nimeliweka makusudi, kituo cha utafiti cha Naliendele kipo hapo hapo Mtwara na korosho ndo kazi yao, kwa hiyo linakuvutia kwenye kurasa za wanaojua na kukuepusha na wauza dawa. Ukitaka kusoma zaidi jaribu "cashew powdery mildew sulphur", maana mengi yameandikwa kwa Kiingereza, na hiyo sulphur ndo salfa yenu ile ile. Kipimo cha kupuliza muulize bwana shamba, usikitoe kwenye video ya mtu usiyemjua anapulizia mti gani.

Na bei hivyo hivyo. Ukiandika "bei ya korosho mnada" unaweza kuletewa bei ya miaka minne nyuma ukaenda kugombana na watu wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, bure, andika na msimu wenyewe kwa mtindo wa 2024/2025, pia jina la chama kikuu chenu, halafu angalia tarehe ya habari kabla hujashangilia.

Mama wa Newala: Kila nikiuliza "je mlonge unatibu sukari" jibu ni ndiyo. Kweli?

Mama, jibu umelitia mwenyewe kwenye swali. Anayeuza unga wa mlonge ameandika kwenye ukurasa wake maneno hayo hayo, mlonge, unatibu, sukari, kwa hiyo unakutanishwa naye moja kwa moja. Daktari anayesema dawa za hospitali usiache hajaandika hivyo. Jaribu "kisukari matibabu" bila kutaja mti wowote, au "mlonge madhara", uone picha inavyobadilika. Na dawa zako endelea kumeza.

Mwanafunzi, Lindi mjini: Tumepewa kazi ya mjusi wa Tendaguru, nikisechi "mjusi mkubwa" naletewa kenge.

Kwani kenge naye si mjusi mkubwa jamani? Weka jina la mahali, Tendaguru, hilo halichanganywi na kitu kingine. Halafu jua huyu mnyama wa kale, dinosaria, ana majina mawili ya kisayansi, vitabu vya zamani vinamwita Brachiosaurus na wengi sasa wanamwita Giraffatitan, ukitafuta moja tu unakosa nusu ya habari. Wajerumani walimchimba huko kwenu Lindi kati ya 1909 na 1913, mifupa yake imesimamishwa makumbusho ya Berlin, urefu unapita mita 13 kwenda juu, ndo maana ukiongeza neno Berlin picha zinamiminika. Ukitaka maneno yakae pamoja kama yalivyo yafunge kwa alama za kunukuu, na neno usilolitaka liwekee alama ya kutoa mbele bila nafasi, yani -kenge.

Dereva boda, Masasi: Herufi kubwa au ndogo?

Yoyote. Haijali.

Dada, hajataka kutaja alipo: Nikisechi ugonjwa wangu kuna mtu anaona?

Ile hali fiche kwenye simu inamzuia anayeshika simu yako baadae asione ulichosechi, ila kampuni yenyewe, kama Google, haizuiliki kwa hiyo. Mwaka 2006 kampuni ya intaneti ya AOL ya Marekani ilitoa hadharani maneno waliyosechi watu kama laki sita na nusu, majina walitoa wakaweka namba tu, lakini waandishi wa New York Times wakampata mama mmoja kwa kusoma alivyokuwa anasechi, mji wake na watu wa ukoo wake humo humo. Kwa hiyo dada andika dalili tu, "kuwashwa ukeni na maji mazito" inatosha kabisa kupata maelezo, jina lako, la mume wala la mtaa havihitajiki. Na namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, usiiandike humo kwenye kusechi hata kwa bahati mbaya.