Chokaa kwenye kano za bega: usikimbilie upasuaji

Pole sana, ndugu unayeuliza kama uache maziwa na ukubali upasuaji. Bega linalokunyima usingizi, na eksirei kuonyesha chokaa (madini ya kalsiamu yaliyoganda) kwenye kano, nalijua. Langu lilinitesa miezi. Maziwa endelea kunywa, chokaa hiyo haitokani na chakula. Maumivu makali ya ghafla mara nyingi huja mwili unapoanza kuiyeyusha wenyewe, ndiyo maana nakusihi usubiri kabla ya kisu. Tumia barafu na ibuprofeni, ila si kama una vidonda vya tumbo au figo zina shida. Mazoezi ya fiziotherapia ni lazima, bega lisilotumika hukakamaa. Lisipopoa, muulize daktari wa mifupa kuhusu kuinyonya chokaa hiyo kwa sindano akiongozwa na ultrasaundi. Ukiona homa na bega jekundu, nenda hospitali siku hiyohiyo.