Barua kwa mwanangu: Usikate upenu

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Unasema msanifu amekuchorea nyumba yenye upenu mpana, dari ya kuzuia joto, tangi la maji ya mvua na paneli za sola, na gharama imepita ulichoweka akiba. Unaniuliza, "Mama, nikate nini?"

Kwanza kumbuka kile chumba chetu cha magharibi. Mimi na baba yako tulijenga kwa haraka, tukaweka madirisha makubwa upande wa machweo kwa kuwa ndiko barabara ilikopita. Jua la jioni hukaa chini, linapita chini ya upenu na kuingia hadi ukuta wa pili. Ninyi watoto mkawa mnakimbilia kibarazani na madaftari yenu. Tukanunua mapazia mazito, kisha feni, kisha kiyoyozi, na hicho kiyoyozi tumeshakibadilisha mara mbili. Mwaka wa 25 huu tunalilipia dirisha, na kila bili ikija roho inaniuma.

Ndiyo maana nakuomba utenge yanayoweza kungoja na yasiyoweza. Paneli zinaweza kungoja, mradi fundi umeme aache njia ya nyaya mpaka darini. Tangi nalo linaweza kungoja, lakini mteremko wa paa na mifereji yake vipangwe sasa. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 100 likinyeshewa milimita 800 kwa mwaka, ni lita 80,000 kabla ya kutoa zinazopotea njiani. Taa usiziwazie sana: za LED hutumia umeme pungufu kwa asilimia 75 au zaidi kuliko balbu za zamani, na hubadilishwa kwa dakika moja.

Namna nyumba inavyokaa juu ya kiwanja, hiyo haingoji. Kuta ndefu zielekee kaskazini na kusini, zile fupi mashariki na magharibi. Jua la mchana huwa juu, upenu unatosha kulikinga. La asubuhi na jioni lipewe ukuta, lisipewe kioo. Madirisha yatazamane ili upepo uingie huku utokee kule. Haya yote ni kazi ya kalamu, hayaongezi hata tofali moja. Dari ya kuzuia joto nayo iwekwe kabla ya kufunga mbao. Kuja kuifumua baadaye ni gharama mara mbili.

Usidhani ni mambo ya vijumba tu. Jengo la Eastgate la Harare, lililokamilika mwaka 1996 kwa usanifu wa Mick Pearce, halina mfumo wa kawaida wa viyoyozi. Usiku feni huvuta hewa baridi ipoze zege, na mchana zege hilo hupoza ofisi na maduka. Wenye jengo waliokoa fedha za mitambo tangu siku ya kwanza, na hadi leo hawana mitambo hiyo ya kutengeneza.

Sasa cha kukata. Kata sebule ya pili. Najua umeipenda, lakini kila mita ya mraba usiyojenga haitaki rangi, haitaki bati, haitaki kupozwa, wala kufagiwa ukiwa na umri wangu. Tena inapunguza saruji, na utengenezaji wa saruji peke yake hutoa takriban asilimia 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za binadamu duniani.

Rudi kwa msanifu, mwombe mchoro uleule bila sebule hiyo, upenu asiuguse. Ukiupata nitumie. Baba yako anataka kuona madirisha ya vyumba vya wajukuu yanatazama wapi.

Nakupenda,
Mama