Eafoni za Bei Chee na Muziki Mzuri: Majibu kwa Wasomaji

Meseji za safari hii nyingi ni za eafoni, yani zile za kuchomeka masikioni, na wengi mnauliza kitu kimoja kwa maneno tofauti, kwaiyo nimeanza na hilo afu mengine yanafuata.

Kaka habari za kazi. Mi niko Tabata, kila baada ya muda mfupi nanunua eafoni za elfu tano pale stendi na kila mara upande mmoja unakufa. Mshikaji wangu kazini ana za waya zinaitwa Moondrop Chu II, anasema ni kama dola 20 na zinazishinda za laki tatu. Nimezisikiliza kidogo nikashangaa. Ni kweli au masikio yananidanganya?
Msomaji, Tabata

Salama kaka. Masikio yako yako sawa kabisa. Bei ya eafoni haikuambii zinapigaje, na hili limepimwa: mwaka 2017 mtafiti wa sauti anaitwa Jeroen Breebaart alichapisha vipimo vya hedifoni 283, za bei ya chini mpaka zile za kutisha, akalinganisha bei na jinsi kila moja inavyogawa sauti nzito, za kati na nyembamba, akakuta hakuna uhusiano. Ya bei kubwa inaweza kukupa sauti nzuri au mbovu, na ya bei chee hivohivo.

Sababu yenyewe inaeleweka ukijua ndani kuna nini. Humo mna sumaku ndogo, koili ya waya mwembamba sana na utando unaotetemeka, upana wake kwa hizi tunazoongelea ni milimita 10 hivi, basi. Viwanda vya China vinatengeneza hivo vitu kwa wingi mpaka gharama imeshuka chini kabisa. Kazi kubwa ipo kwenye kutuni, yani kuamua besi iwe kiasi gani, sauti ya mwimbaji ikae mbele au nyuma, matoazi yasikike bila kuchoma sikio. Na hapo napo njia imeshafunguliwa, maana kampuni ya Harman ya Marekani, timu yake ikiongozwa na Sean Olive, ilikalisha watu wasikilize na kuchagua wanachokipenda, ikachora mstari wa sauti ambao wengi waliupenda na ikauchapisha, kwaiyo kiwanda chochote chenye mashine ya kupimia kinaweza kuufuata au kuugeuza kidogo kwa ladha yake. Moondrop wa Chengdu, China, wana ladha yao, na 7Hz, kampuni nyingine ya China, wana ya kwao. Ndo maana 2022 zilitoka Moondrop Chu na 7Hz Salnotes Zero, zote kama dola 20, na watu waliozoea eafoni za mamia ya dola wakakaa chini kuzisikiliza kwa makini. 2023 ikaja Chu II, na 7Hz wakashirikiana na Crinacle, mpimaji wa eafoni wa Singapore, wakatoa Zero:2 kwa dola 25 yenye besi zaidi.

Sasa zipime kwa muziki unaoujua, usipime kwa maneno ya muuzaji. Mi napenda kutumia sebene. Kwenye rumba ya Kongo kuna gita la rizim, kuna solo, na katikati yao kuna mi-solo, na lile gita la katikati ndo la kwanza kupotea kwenye eafoni mbovu, kwasababu besi inavimba inafunika kila kitu, unasikia mdundo na mwimbaji basi, wapiga gita wengine kama hawakuja studio. Weka Chu II au Zero masikioni uisikilize nyimbo hiyohiyo, utamsikia kila mtu amekaa mahali pake, na hiyo furaha mtu hawezi kukusimulia, lazima uisikie mwenyewe. Taarab pia inafaa sana, kanuni (ile ala ya nyuzi nyingi) na fidla zikipiga pamoja uweze kuzitenganisha, na nai, ile filimbi, isikike na pumzi yake.

Kuchagua: kama we ni wa sauti za watu, kwaya, taarab, chukua Chu II. Kama ni singeli na Bongo Fleva unataka kifua kitikisike kidogo, chukua Zero:2. Zero ile ya kwanza ni safi sana ila besi yake ni ya adabu, mpenda mdundo atalalamika.

Na kuhusu upande mmoja kufa: mara nyingi spika inakuwa bado nzima ila waya umekatika ndani, pale karibu na pini ya kuchomeka au pale unapoingia kwenye eafoni. Chu II, Zero na Zero:2 waya wake unachomoka, una pini mbili za milimita 0.78, ukikatika unanunua waya tu eafoni inabaki. Chu ile ya kwanza waya wake hauchomoki, kwaiyo soma jina vizuri kabla hujalipa. Angalia na maiki pia, nyingi zinauzwa kwa aina mbili, yenye maiki na isiyo nayo, usije ukashindwa kupokea simu. Ukiagiza nje hesabu usafiri na kodi, na ukinunua Kariakoo omba uzijaribu kwenye simu yako palepale dukani, muuzaji mwenye mali orijino hatakukatalia. Boksi lenye jina kubwa la Kimarekani kwa elfu kumi hilo ni feki, we liache hapohapo.

La mwisho kwako, na naomba ulizingatie kuliko yote: vimpira. Kwenye boksi vinakuja vya saizi tofauti na watu wengi wanabaki na vile vilivyovalishwa kiwandani. Kimpira kisipoziba sikio vizuri besi yote inavuja nje, unabaki na sauti nyembamba kama ya redio ya mbali, afu mtu anaandika eafoni mbovu. Jaribu saizi zote, na usishangae sikio la kulia likitaka saizi tofauti na la kushoto, ni kawaida. Waya unapita juu ya sikio kwa nyuma, sio kuning'inia chini, hivo ndo zilivyotengenezwa zikae.

Mambo. Eafoni zangu ni mpya lakini nikipiga nyimbo nasikia vyombo tu, mwimbaji anakuwa mbali sana kama yuko kisimani. Nikikandamiza pini anarudi. Nirudishe dukani?
Msomaji, Mwanza

Poa. Usirudishe kwanza, na asante kwa kutaja hilo la kukandamiza pini maana jibu liko humohumo. Pini yako ina vipande kadhaa vya chuma, cha kushoto, cha kulia, cha maiki, na kimoja cha pamoja ambacho ndo njia ya kurudia umeme kwa pande zote mbili. Hicho cha pamoja kisipogusa vizuri, spika mbili zinabaki zimeungana zenyewe kwa zenyewe, na kila kitu kilichorekodiwa sawasawa kushoto na kulia kinajifuta. Studio karibu zote mwimbaji anawekwa katikati, kwaiyo yeye ndo anafutika, na vyombo vya pembeni vinabaki.

Toa kava la simu ujaribu bila kava, mara nyingi kava nene linazuia pini isizame mpaka mwisho. Ikikataa, zima simu umulike ndani ya tundu kwa tochi, vumbi la mfukoni hujibana kule chini likawa gumu, litoe taratibu kwa kijiti cha meno cha mti, usitumie sindano wala kitu chochote cha chuma. Ukizijaribu kwenye simu nyingine na mwimbaji bado hayupo, hapo sasa rudisha.

Ndugu mhariri, simu yangu mpya haina tundu la earphones. Ninunue adapta ama niende Bluetooth tu? Bajeti ni kama elfu tatu za Kenya.
Msomaji, Likoni, Mombasa

Kwa bajeti hiyo mimi ningebaki na waya, na nakwambia kwa roho safi. Pesa ya eafoni za Bluetooth inagawanywa kwa betri mbili, chipu, boksi la kuchaji, na spika inapata kilichobaki, afu zile betri ndogo zinachoka baada ya miaka michache na huwezi kuzibadilisha. Waya unaipa spika karibu pesa yote. Ila kama matumizi yako ni simu za kazi na kutembeatembea, Bluetooth itakufaa zaidi na hakuna ubaya.

Kwenye adapta kuwa makini ndugu yangu, maana kuna za aina mbili na kwa macho zinafanana. Moja ina chipu ndani ya kugeuza sauti ya kidijitali, wenyewe wanaiita DAC, nyingine ni waya mtupu inategemea simu itoe sauti yenyewe kwenye tundu la USB-C, lile la kuchajia, na simu nyingi haziitoi. Muulize muuzaji kama ina DAC, na uijaribu kwa simu yako kabla ya kulipa. Ile ya Apple ya USB-C ina chipu nzuri sana kwa dola 9, lakini kwenye Android baadhi sauti inatoka ndogo, kwaiyo mwenye Android atafute nyingine yenye DAC.

Nafanya kazi ya ulinzi usiku, nataka kusikiliza redio lakini lazima nisikie mtu akija. Na za kuchomeka zinaniumiza.
Msomaji, Dodoma

Pole na kazi. Tafuta Koss KSC75, za Marekani, zinaning'inia juu ya sikio kwa kikulabu, haziingii ndani wala hazizibi, geti likigongwa unasikia. Kama dola 20 na sauti yake ni pana, ya wazi, mi nazipenda mno. Kasoro yake ni kwamba sauti inatoka nje, jirani anasikia.

Shikamoo. Mwanangu yuko kidato cha pili, anasomea na eafoni mpaka usiku wa manane. Atapata uziwi?
Mama, Morogoro

Marahaba mama. Hatari iko kwenye ukubwa wa sauti ukizidishwa na muda, bei haihusiki. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidi desibeli 80 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa saa 40 kwa wiki, na kwa watoto linashusha mpaka 75. Sauti ikipanda mpaka 90, hata mtu mzima zinabaki saa 4 tu kwa wiki nzima. Simu nyingi zina sehemu ya kufunga kiwango cha sauti kwenye mipangilio, iweke pamoja naye ili aelewe kwanini. Na eafoni zinazoziba vizuri zinamsaidia hapo, maana kelele za nje zikizuiwa hana haja ya kupandisha. Akianza kusema masikio yanapiga mlio baada ya kuzitoa, azipumzishe na umpeleke hospitali wapime usikivu.