Drili ya betri ya kumzawadia mzee: anza na betri

Mkuu, umetaja drili tatu: ile ya bei chee ya Kariakoo iliyoandikwa 88V, Makita ya 18V, na DeWalt ambayo mjomba wako anaweza kuja nayo kutoka Marekani. Umesema mzee amestaafu, yuko Morogoro, na kazi zake ni bawaba, makabati na fimbo za mapazia. Mimi ni seremala, na baba yangu mwenyewe nilimnunulia drili ya betri. Nakujibu kwa urefu kwa sababu zawadi hii ukiipatia, mzee ataishika karibu kila wiki.

Hiyo 88V achana nayo. Betri hizi za lithiamu zinaundwa kwa seli ndogo, na kila moja inahesabiwa volti 3.6. Ukiunganisha tano kwa kufuatana unapata 18. Zikitoka kwenye chaji kila seli inafika karibu 4.2, ndiyo maana Wamarekani huandika 20V MAX kwenye betri ileile ambayo kwingine huandikwa 18V. Volti 88 za kweli zingetaka seli zaidi ya ishirini, na betri yake isingeenea pale chini ya mpini. Kuna mteja aliwahi kuniletea moja iliyokuwa inazima baada ya matundu machache. Nilipolegeza skrubu za chini na kuinua kifuniko, nilikuta seli tano zimeshikanishwa kwa vibati vyembamba. Kwa hiyo ilikuwa mashine ya volti 18 kama nyingine, ila imebandikwa namba ya kumvutia mnunuzi.

Namba ya kusoma ni Ah, yaani ujazo wa betri. Kwa mzee nashauri betri mbili za 2.0Ah kuliko moja kubwa ya 5.0Ah. Moja ikiwa kazini nyingine inachajiwa, na umeme ukikatika anabaki na iliyojaa. Halafu kuna uzito. Drili ya 18V yenye betri ndogo ni kama kilo moja na nusu. Ukiweka betri kubwa inaongezeka, na fimbo ya pazia inafungwa mikono ikiwa juu ya kichwa. Kwa mtu wa miaka sitini na kitu mabega yanachoka haraka. Kama kazi yake ni mbao tupu, hata 12V inatosha kabisa, ni nyepesi na inaingia kwenye kona za kabati.

Sasa hapo kwenye mapazia ndipo penye kazi. Fimbo inakaa juu ya dirisha, na juu ya dirisha kuna lenta ya zege yenye nondo ndani. Drili ya kawaida itatoboa tofali la saruji lakini pale itazunguka bure mpaka biti igeuke bluu kwa moto. Chagua yenye alama ya nyundo, nunua biti za zege zenye ncha ngumu, na aanze na tundu la milimita 6. Itapita, polepole. Akigonga nondo asilazimishe, asogeze tundu pembeni. Kama anapanga kutoboa zege mara kwa mara, hiyo ni kazi ya mashine ya SDS, yaani drili nzito ya kupiga nyundo, ni mashine tofauti kabisa.

Kuhusu mjomba: chaja za DeWalt zinazouzwa Marekani ni za volti 120. Ukiichomeka kwenye umeme wetu wa 230 utaiunguza. Akija nayo, chaja ya 230 itafutwe kabla. Na kwenye ndege drili iende kwenye begi la kupakia, betri za akiba abaki nazo mkononi, hazipakiwi chini. Betri ya 18V yenye 5.0Ah ni Wh 90 (kipimo cha nishati iliyomo, volti mara Ah), iko chini ya kikomo cha ndege cha Wh 100, kwa hiyo haina tatizo.

Mimi ningechukua ya 18V hapahapa nchini, kwa muuzaji anayetoa risiti ya EFD na dhamana ya maandishi, kwa sababu Makita bandia zimejaa. Uliza pia aina ya betri. Makita wana 18V za LXT na 18V za G, na haziingiliani. Bosch ya kijani na ya bluu, vivyo hivyo. Kesho ukitaka kumwongezea mzee msumeno au mashine ya kupiga msasa, utafurahi kama betri zake zinaingia.

Siku ya kumpa, kaa naye kidogo. Baba yangu alizoea keekee ya mkono, akabonyeza kitufe mpaka mwisho na kichwa cha skrubu kikalika palepale. Nikamwonyesha pete yenye namba iliyo nyuma ya mdomo wa drili. Ukiweka namba ndogo, skrubu ikishakaza mashine inalia trrr na kuacha kusukuma. Tukachukua kipande cha mninga, tukatoboa kwanza kwa biti ya milimita 3, gia (swichi ya kasi) kwenye 1, pete kwenye 5, akapanda namba mojamoja mpaka kichwa cha skrubu kikalala sawa na bawaba. Alirudia mwenyewe mpaka nikaondoka zangu kunywa chai. Kwenye mninga au mkongo hilo tundu la kwanza asiliruke, skrubu itakatikia ndani.

Ndani ya boksi muwekee seti ya biti za mbao, biti chache za zege na vichwa vya bisibisi vya nyota vya akiba, maana hivyo ndivyo vinavyokwisha mapema. Betri zikae ndani ya nyumba, nusu chaji, mbali na stoo ya bati inayochemka mchana.

Tuambie bajeti yako, na muulize mama kwa siri kama mzee ana mpango wa kutoboa lenta. Ukipata jibu nitakutajia modeli.