Picha za injini ya ndege ya Dakota zenye mng'ao: jaribu hivi

Mkuu, nimekuelewa: pale makumbusho ya Duxford, Uingereza, ukipiga injini ya Dakota silinda zinatoka nyeusi tii na vyuma vimeungua kwa mng'ao. Hiyo injini yake, Twin Wasp, ina silinda 14 katika safu mbili za saba saba, na safu ya nyuma hukaa gizani.

Kwanza zima flashi, ndiyo mchawi wako. Punguza mwanga kwenye kamera mpaka mng'ao utulie, piga kwa RAW (faili ghafi ya kamera), giza utaliinua baadaye kwenye kompyuta. Tundu la lenzi liwe f/8 hadi f/11, ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) ipandishe bila woga, fokasi iwe kwenye mapezi (vibati vya kupoozea) ya silinda za mbele. Filta ya polaraiza (kioo cha lenzi cha kukata mng'ao) inasaidia kwenye vioo na rangi. Kwenye chuma kitupu haifui dafu, tunza hela yako. Sogea pembeni hatua moja tu, mng'ao unahama wenyewe.

Tripodi, uliza mlangoni. Ila kwa ndege zinazoruka bado, propela usiiguse kabisa: magneto (kifaa kinachotoa cheche za injini) yenye hitilafu inaweza kuwasha injini hata swichi ikiwa imezimwa. Na ukirudi huku nyumbani, viwanja vya ndege omba kibali kwanza, la sivyo utajieleza kituoni.