Jibu: Kwa nini maaskofu wa Alabama waliishtaki serikali ya jimbo

Ndugu, umeuliza maaskofu walilalamikia nini kwenye HB 56, sheria ya wahamiaji ya jimbo la Alabama, Marekani, ya 2011. Tatizo kubwa lilikuwa kifungu cha 13: kumhifadhi au kumsafirisha mtu asiye na vibali, ukijua au ukipuuza hali yake, kulifanywa kosa la jinai. Wakihusika watu 10 au zaidi, lilipanda kuwa kosa kubwa. Sasa vuta picha ya basi dogo la kanisa Jumapili asubuhi! Dereva wa kujitolea angeweza kufungwa, na shughuli za dini hazikupewa msamaha wowote.

Wakatoliki, Waepiskopali (Waanglikana wa Marekani) na Wamethodisti wakafungua kesi Agosti 2011. Septemba, Jaji Sharon Blackburn akakizuia kifungu hicho, ila kupitia kesi nyingine, ile ya serikali kuu ya Marekani dhidi ya Alabama. Ya maaskofu akaitupa. Mahakama ya rufaa ikaunga mkono zuio 2012.

Usidhani basi kwamba makanisa yako huru. Sheria ya shirikisho nayo inakataza kuhifadhi na kusafirisha, na msamaha wake kwa dini ni mwembamba: unahusu mhudumu wa dini au mmisionari asiye na vibali anayejitolea bila mshahara, aliyekuwa muumini kwa angalau mwaka 1. Muumini wa kawaida hayumo.