IST inayomisi: ijue silinda kwanza, plagi baadaye

Mkuu, umeeleza kwamba IST yako yenye injini ya 1NZ-FE hutetemeka unaposimama kwenye taa za barabarani na hukosa nguvu mlimani, na kwamba fundi amekushauri ununue plagi nne pamoja na koili nne, yaani vifaa vinavyozipa plagi umeme wa cheche. Ninaendesha Probox yenye injini hiyohiyo, na ningekuomba usitoe fedha mpaka ijulikane ni silinda ipi inayomisi, yaani isiyochoma petroli yake ipasavyo.

Gari lipimwe kwa mashine ya kusoma kodi za makosa. Kodi P0301 ni silinda ya kwanza, iliyo upande wa cheni, na hesabu huendelea hadi P0304. Ukikuta P0300 peke yake, chanzo mara nyingi ni kitu kinachohudumia silinda zote, kama vile hewa inayopenya kwenye manifodi (bomba linalogawa hewa kwa silinda) au presha ndogo ya petroli. Wakati huohuo, taa ya injini ikiwa inawaka na kuzima, usilikimbize gari, kwa sababu petroli isiyoungua hufika kwenye masega (kichujio cha moshi kwenye ekzosi) na kuyaunguza, na masega ni ghali kuliko plagi na koili zako zote.

Probox yangu ilionyesha P0302. Kwa kuwa kila silinda ina koili yake, nilibadilishana koili ya pili na ya tatu, nikafuta kosa kwenye mashine, kisha nikaendesha. Lingerudi likiwa P0303, koili ndiyo ingekuwa mbovu. Lilibaki palepale, nikabadilishana plagi za silinda hizohizo, na hapo ndipo lilipohamia ya tatu. Zana zinazohitajika ni boksi spana namba 10 na boksi ya plagi namba 16, kwa hiyo sioni kwa nini mtu alipie koili nne kwa kubahatisha. Lisingehama hata hapo, ningepima nozeli na kompresheni.

Plagi ikishatoka, itazame. Rangi ya kahawia hafifu ni ya kawaida, masizi makavu huashiria petroli kuzidi hewa au cheche dhaifu, na weupe wenye malengelenge huashiria joto kupita kiasi. Oili iliyojaa kwenye shimo la plagi, juu ya nyuzi zake, haimaanishi kwamba ringi zimekufa, ingawa wapo mafundi wanaowatisha watu hivyo. Kwa kawaida ni gasketi ya tapeti kava (kifuniko cha juu cha injini) au sili za mashimo hayo zinazovuja. Ringi hushukiwa pale oili inapokuwa kwenye ncha yenyewe.

Katika kununua, fuata namba na si bei. Kwenye plagi ya Denso SK16R11, 16 ni kiwango cha joto na 11 ni mwanya wa milimita 1.1. Kwa Denso na NGK, namba ikipanda plagi huwa ya baridi zaidi, ilhali kwa Bosch ni kinyume, hivyo usilinganishe namba za kampuni mbili. Iridiamu ya maisha marefu hufikia takriban kilomita 100,000, mbali sana kuliko nikeli. Lakini ukiuziwa "iridiamu" kwa bei ya nikeli, kama nilivyowahi kuuziwa na duka moja, kagua ncha ya katikati: ikiwa nene, irudishe.

Funga injini ikiwa imepoa, ukianza kwa mkono mpaka plagi mpya ikae, kisha ongeza nusu hadi theluthi mbili za mzunguko tu, kwa maana silinda hedi ni ya aluminiamu na nyuzi zake huharibika upesi.